"Babu mlimzika harakaharaka, hamkumpenda?"

Leo nakuletea swali la mwanangu wa miaka minane. Aliniuliza tukiwa ndani ya basi kutoka Moshi, kwa sauti iliyowafanya waliokaa kiti cha mbele wageuke: "Mama, babu wa Tanga mlimzika harakaharaka. Hamkumpenda?"

Ukoo wetu ni mchanganyiko, kama koo nyingi za Tanzania. Baba yangu ni Mlutheri, kaka yake mkubwa alikuwa Mwislamu, na wanangu walimwita babu. Alifariki usiku, na kesho yake baada ya sala ya adhuhuri akazikwa. Watoto niliwaacha Dar es Salaam kwa jirani. Mwezi haujaisha, akafariki shangazi wa mume wangu huko Moshi. Safari hii shule zilikuwa zimefungwa, tukaenda wote. Mwili ulikaa mochwari siku nane, wakisubiriwa watoto wake walio nje ya nchi. Jeneza likafunguliwa, watu wakapita kwa mstari kuaga, wasifu wa marehemu ukasomwa, kila kundi likaitwa kuweka shada la maua kaburini. Mtoto akapima kwa akili yake: huyu siku nane na maua, yule nusu siku bila hata ua moja.

Kosa lilikuwa langu. Nilimpeleka kwenye msiba bila kumweleza chochote, na ule wa kwanza nilimficha kabisa. Nilimwambia babu "amesafiri". Nakusihi usilitumie neno hilo, kwa sababu baba wa watoto wangu husafiri kila mwezi.

Pale pale kwenye basi nilimtolea mfano wa marais wetu. Rais Magufuli alifariki Machi 17, 2021 akazikwa Chato Machi 26, baada ya mwili kuagwa mikoa kadhaa, Zanzibar ikiwemo. Mzee Mwinyi alifariki Februari 29, 2024 akazikwa Mangapwani, Unguja, Machi 2. Siku tisa kwa mmoja, siku mbili kwa mwingine, na wote walililiwa na taifa zima. Kwa Waislamu, kumwahisha maiti kaburini ndiko kumheshimu. Anaoshwa, anavishwa sanda nyeupe, anaswaliwa. Swala yenyewe ni fupi na watu husimama mwanzo hadi mwisho, hakuna kurukuu wala kusujudu. Halafu analazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla. Sanda ya tajiri na ya maskini ni ile ile. Hilo mwanangu alilipenda.

Binti yangu mkubwa yeye alitaka kujua kwa nini Tanga mimi na shangazi zangu tulibaki nyumbani wanaume walipokwenda makaburini. Nilimjibu kwamba ndiyo desturi ya kule, na kwamba sisi tuliobaki tulikuwa na kazi ya kukaa na mjane, ambaye alikuwa anaanza eda ya miezi minne na siku kumi. Hakuridhika sana. Sikumlazimisha aridhike.

Upande wa Wakristo nako si kumoja, na watoto hugundua mapema. Rafiki zake Wakatoliki husema wameenda kwenye misa ya kumwombea marehemu, na kila Novemba 2 huwakumbuka marehemu wote. Kwetu Walutheri mchungaji huhubiri zaidi kwa ajili ya sisi tuliobaki. Usimwambie mtoto kwamba wenzake wanakosea. Mwambie kwao wanaamini hivi, kwetu tunaamini hivi, basi.

Nikae kidogo kwenye kuaga mwili, maana hapo ndipo watoto wengi huumia. Kabla hamjaingia, mweleze atakachokiona: jeneza, uso uliofumba macho, pamba puani pengine, watu wazima wanaopiga mayowe na hata kuanguka. Muulize kama anataka kupita. Akikataa, mwache na mtu anayemjua. Nimeona mtoto wa miaka mitano akinyanyuliwa kwa nguvu juu ya jeneza "amuage bibi", na kamera ya video ikimfuata usoni. Yule mtoto alikuwa anamtafuta mama yake kwa mikono.

Kisha kuna shughuli zinazofuata, ambazo humchanganya mtoto anayedhani yameisha. Siku ya kuanua tanga ndugu hutawanyika, na mara nyingi ndipo madeni na mali huzungumzwa, kwa hiyo watoto wapelekwe wakacheze mbali. Arobaini hufanywa na Waislamu wengi na Wakristo wengi pia, ingawa wapo masheikh wanaoipinga wakisema haina msingi katika dini, na ndugu wengine hawaji kwa sababu hiyo. Baadaye Wakristo huwa na ibada ya shukrani au ya kuweka msalaba.

Arobaini ya babu niliwapeleka wote. Ilisomwa hitma. Kurani nzima ina juzuu 30, nao wasomaji waligawana, kila mtu na yake, hivyo ikamalizika kwa kikao kimoja. Mwanangu aliketi mkekani karibu na baba yangu, akihesabu waliokuwa wanasoma. Baada ya pilau binamu yangu akawachukua watoto kwenda kuliona kaburi. Alipofika akatoa salamu kwa Kiarabu, kama wafanyavyo. Mwanangu hakuijua ile salamu. Akasogea, akasema, "Shikamoo babu," akanyamaza kidogo kama anayesubiri, kisha akauliza maji ya kumwagilia mche uliopandwa pale yanatoka wapi.