Kuzika tunajua, kuuguza je?

BARUA YA KIGALI
Na Zuhura Semboja

Nesi alifungua faili langu, akakitazama kiti kitupu kando ya kitanda, akaniuliza: "Umurwaza wawe ari he?"

Kinyarwanda changu ni cha soko la Kimironko na cha kupatana bei na dereva wa pikipiki. Hiki cha wodini sikuwa nacho. Lakini ukishajua kwamba umurwayi ni mgonjwa, umurwaza hakupi taabu kumkisia. Ni yule anayeuguza: anayelala na mgonjwa, anayeleta uji, anayefua, anayekimbizwa famasi, anayemsikiliza daktari wakati mwenye mwili hajitambui. Kwetu tunamwita muuguzaji, na kwa kuwa kila nyumba inaye, hatujawahi kujiuliza anatoka wapi.

Nikamwambia sina. Akadhani sijaelewa swali. Akarudia kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, mwisho akamwita mwenzake aliyekulia Karagwe, naye akaniinamia na Kiswahili chake kilichonyooka: "Dada, nani anakuuguza?" Lugha nne, jibu likawa lile lile.

Mtu anayekwenda kufanya kazi nchi ya watu huwa na bahasha yake. Yangu nilikuwa nikiionea fahari: pasipoti, kibali cha kazi, mkataba wa nyumba, kadi ya bima ya kazini, hata picha ndogo nne za akiba. Nilijiona nimekamilika. Wakati huo tumboni nilikuwa nimebeba uvimbe wa kizazi ambao kwa miaka miwili niliupa kila jina isipokuwa lake: uchovu, umri, hedhi nzito ya ukoo wetu. Siku nilipopimwa, damu ilikuwa gramu saba. Daktari bingwa hakuzunguka. Tumbo lifunguliwe, kizazi kitoke, na kabla ya hapo niongezwe damu.

Simu za nyumbani zikaanza. Rudi Dar, Muhimbili ipo. Wengine: nenda India. Nawaelewa, kwa sababu kwa miaka mingi ndivyo tulivyofundishwa, kwamba kisu cha maana kiko mbali. Zamani hata Wanyarwanda waliohitaji figo walipelekwa India. Leo Hospitali ya King Faisal, hapa Kigali, inapandikiza figo tangu mwaka 2023. Mwaka huo huo kule Masaka, humu humu Kigali, kilizinduliwa IRCAD Africa, kituo ambako madaktari wa upasuaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika wanafundishwa kupasua kwa vitundu vidogo badala ya kuchana tumbo zima. Upungufu bado upo, lakini mji huu una mabingwa na mimi nilikuwa na mmoja aliyeniangalia usoni akizungumza. Zaidi ya hayo, kutoka Kigali hadi Dar kwa barabara ya mpaka wa Rusumo ni kama kilomita 1,500, basi linakula siku nzima na ziada. Kwa damu ya gramu saba, safari hiyo ingeniua kabla ya uvimbe. Nikabaki.

Kuhusu damu lazima nisimame kidogo. Kwetu ukilazwa kwa upasuaji mkubwa, mara nyingi ndugu huambiwa waje kuchangia, na wadogo zako hupangwa foleni benki ya damu. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nani kati ya wafanyakazi wenzangu nimwombe bila kumpa jina la ugonjwa. Hakuna aliyeniuliza. Rwanda inategemea wachangiaji wa hiari, wanaotoa bila malipo na bila kujua inakwenda kwa nani. Pakiti mbili zikatundikwa, zikadondoka tone kwa tone mchana kutwa, nami nikalala nikizitazama. Sina ndugu Rwanda. Siku ile nikawa nao wawili, na sitawajua kamwe.

Kwenye karatasi ya idhini kuna mstari wa mtu wa karibu. Nilishika kalamu muda mrefu kuliko inavyostahili. Mwisho nikaandika namba ya mama mwenye nyumba wangu, mtu tuliyekuwa tukisalimiana na kulipana kodi, basi. Sikumwomba ruhusa. Naye alipopigiwa simu kwamba nimeingia chumba cha upasuaji, hakuuliza kwa nini yeye. Alifunga duka, akaja akakaa nje kwenye benchi.

Chumba chenyewe sina mengi ya kukieleza. Kilikuwa na baridi. Waliniuliza jina, wakaniuliza nimekuja kufanyiwa nini, wakaniuliza kama kuna dawa inayonidhuru, kisha mwingine akaja akauliza maswali yale yale. Nilitaka kukasirika, hadi nikakumbuka kwamba huo ndio utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2008 ili mtu asikatwe kisichomhusu. Kisha nusu kaputi, na sikumbuki kingine.

Kazi ilianza baada ya hapo. Wenye bahasha kama yangu wanakihofia kisu, ambacho kwa kweli wewe hukioni. Utakayoiona ni siku ya pili, nesi anapokuambia shuka kitandani utembee, damu isije ikagandia miguuni, na wewe unajua hakika kwamba ukisimama tumbo litafunguka liangukie sakafuni. Utauona mto unaoukumbatia tumboni kabla ya kukohoa. Utajua chupa ya maji iko umbali wa mkono mmoja na nusu, na mkono ulionao ni mmoja.

Kitanda cha pili alikuwa bibi wa Rwamagana, na umurwaza wake alikuwa mke wa mwanawe, binti mrefu asiyesema sana. Bibi aliuliza huyu mwenzetu ni nani. Nikajikakamua nikasema mimi ni mgeni. Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka nikaujutia mshono: umugeni kwao ni bibi harusi. Tangu hapo nikaitwa bibi harusi, na tangu hapo yule binti akawa na wagonjwa wawili. Hakutangaza. Alimimina igikoma, uji wao, kikombe cha bibi na kikombe changu. Alimfuta bibi uso, akasuuza kitambaa, akanifuta mimi. Nesi alipokuwa akipita kila asubuhi kuuliza kama utumbo umeamka, yeye ndiye aliyenisaidia kujibu. Hapo hapahitaji kamusi, kwani wao huita umusuzi kile ambacho kwetu ni ushuzi, na siku nilipokuwa nao bibi alipiga makofi kama nimefaulu mtihani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini wodini tulielewana kwa maneno ambayo hakuna bunge lililoyapitisha.

Nilikuja kumuuliza mama mwenye nyumba kwa nini binti wa watu alijitwisha mzigo usio wake. Yeye ni mzaliwa wa Biryogo, Nyamirambo, Kiswahili ni cha nyumbani kwao tangu kwa babu. Akaniambia habari ya ingobyi. Ni machela ya kusuka. Kabla magari ya wagonjwa hayajafika vilimani, mgonjwa alilazwa humo, wanaume wakaiweka mabegani wakapokezana kupanda na kushuka hadi hospitali, na jirani asiyetokea zamu yake alijulikana. Ng'ambo ya mpaka, kule Kigezi nchini Uganda, wanaiita engozi, na vyama vya kuibeba vilikuwa imara kiasi kwamba Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 1996 iliijenga juu ya vyama hivyo. Yaani watu waliokuwa tayari wanabebana miilini walianza kubebana na mifukoni. Hata mutuelle, bima ya jamii inayowafunika Wanyarwanda walio wengi, ukiisikiliza wanavyoizungumzia mtaani, ina sauti hiyo ya mabegani.

Bima yangu haikuwa na mabega. Kampuni moja, sitaitaja, ilikaa na barua ya idhini siku 11 huku ikiomba kila siku karatasi ambayo jana haikuitaka. Kadi ya NHIF niliyokuwa nikikatwa miaka yote nilipokuwa Dar haina kazi hapa. Mwenzangu mwenye RAMA, bima ya waajiriwa wa hapa, hulipa asilimia 15 ya bili na mfuko unamaliza iliyobaki, lakini akivuka Rusumo na yeye kadi yake ni kipande cha plastiki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na ndani yake mfanyakazi anayevuka mpaka ametajiwa haki ya hifadhi ya jamii. Jasho letu limeruhusiwa kuvuka. Kizazi kikivimba, kila mfuko unajifanya haumjui mwenzake. Viongozi wetu wakikutana tena pale Arusha, ningependa mmoja wao awe ametoka kushonwa juzi.

Shangazi alitaka kuja tangu siku ya kwanza. Hakuwa na pasipoti, hajawahi kuihitaji. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho tangu 2014. Mtanzania bado anahitaji hati ya kusafiria. Ikabidi afuatilie Hati ya Dharura ya Safari kwanza, kisha mabasi kutoka Korogwe. Alifika siku ya tano, simu yake ikiwa bado kwenye saa ya Tanzania, saa moja mbele yetu, na hajakubali kuibadilisha mpaka leo. Kwa hiyo chai ya saa moja nilikuwa naletewa saa kumi na mbili. Alinikuta najimwagia maji mwenyewe bafuni, nimeshika ukuta, akakasirika kama nimemvunjia heshima. Akamshika mikono yule binti wa Rwamagana, wakazungumza kila mtu kwa lugha yake kwa dakika kumi nzima. Ukiniuliza walichoambiana, sijui, ila walipoachana wote wawili walikuwa wanafuta macho.

Wiki sita za nyumbani niwape kwa ufupi, maana zinafanana. Usibebe ndoo, usipande pikipiki. Kigali ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka, na mimi nimepanga nyumba ya ngazi 31. Nilizijua moja moja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi majirani walipokwenda umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, mama mwenye nyumba alisema kwenye kikao kwamba mgonjwa wetu ametoka hospitali. Mchana ule walikuja wanawake watatu, kila mmoja na chupa ya uji. Mmoja wao nilikuwa nimegombana naye kuhusu maegesho.

Sasa nije kwetu, Watanzania wa Kigali, kwa sababu barua hii ni yetu. Tuna kundi letu la WhatsApp. Mwenzetu akifariki, kabla jua halijazama ametajwa mweka hazina, imetajwa namba ya kutuma mchango, imetafutwa nafasi ya ndege au gari, na maiti inafika kwao ikiwa na wasindikizaji wawili na hesabu zilizonyooka. Nimeshiriki, najua. Ni kazi njema, na sisemi iachwe. Lakini nililala siku nne hospitali kabla shangazi hajafika, kundini wakiniandikia pole na viganja vya dua, na hakuna aliyekuja kuketi kwenye kile kiti. Siwalaumu. Hawakuombwa, na mimi mwenyewe kwa miaka minne sijawahi kuketi kwenye kiti cha mtu. Tulijipanga kwa ajili ya siku moja tu, ile ambayo mhusika hatujui tena.

Na mwenye kazi ya mshahara hawezi kulala wodini siku nne mfululizo. Hilo ni kweli. Wanaume wa ingobyi nao walikuwa na mashamba. Ndiyo maana walipokezana: hakuna aliyembeba mgonjwa njia nzima.

Nimeomba mweka hazina wetu afungue orodha ya pili kundini. Haina mchango wa fedha. Ina majina, mtaa mtu anapokaa, na siku za wiki anazoweza kukaa na mgonjwa kwa saa sita. Anayeingia hospitali anaandika kwenye ile karatasi ya idhini namba ya aliye zamu, na aliye zamu anajua kwamba ameandikwa. Mpaka jana usiku kulikuwa na majina saba. La kwanza ni langu, Jumatano na Jumapili. La pili ni la shangazi, aliyeshindwa kuelewa kwa nini asiandikwe ilhali amebakiza wiki mbili tu kabla ya kurudi nyumbani.