Mimi navaa, yeye anavua

Juma lililopita mama mmoja alinisubiri nje ya darasa mpaka watoto wote wakatoka. Binti yake amepata diplome ya pedagojia mwaka huu, na ameshapata mahali pa kufundisha. Mama alipaswa kufurahi. Lakini alikaa kwenye benchi ya wanafunzi, akaniambia: “Mama mwalimu, wamemwambia aanze kazi, lakini kitambaa chake cha kichwa akiache nyumbani. Baba yake anasema asiende. Mimi nauliza unga utatoka wapi. Wewe unasemaje?”

Siku ile sikumjibu vizuri. Namjibu hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye shida hii.

Nianze na yangu. Nilipoanza kufundisha sikuwa nimemekanizwa. Jina langu halikuwa kwenye listi ya mishahara kule Kinshasa, kwa hiyo niliishi kwa prime ya wazazi tu. Mimi ni Mkristo, nimelelewa parokiani, lakini nafasi niliipata kwenye shule ya Waislamu. Direkta akaniambia nifunike kichwa. Nikasema hakuna shida, kesho yake nikaja na kilemba cha kitenge kama mama yangu anavyofunga. Akasema hapana, hata shingo isionekane. Hakuniuliza kama ninataka, wala mimi sikuuliza kwa nini. Mwalimu asiyemekanizwa hana mdomo.

Katika mtaa wetu kulikuwa na rafiki yangu Mwislamu, aliyefundisha kwenye shule ya kanisa. Yeye aliambiwa kinyume: ndani ya kiwanja cha shule, kichwa wazi. Asubuhi tulikwenda pamoja mpaka njia panda. Pale mimi nilitoa kitambaa mfukoni nikavaa, yeye alivua chake akakitia mfukoni karibu na chaki. Mchana, tukirudi, mimi navua, yeye anavaa. Watu waliotupita walicheka, na sisi tulicheka nao.

Siku moja hakucheka. Aliniambia: “Wewe unavaa kitu kisicho chako. Mimi navua kilicho changu. Si sawasawa.” Nilikasirika kidogo, maana na mimi nilikuwa naona joto na aibu yangu. Lakini nikikumbuka leo naona alisema kweli. Mimi nilikuwa nimeazima vazi. Yeye kila asubuhi alikuwa anaacha kitu ambacho kwake ni amri ya Mungu, mbele ya vijana wa mtaani waliomjua. Alivumilia mwaka mmoja, kiisha akaacha. Alianza kuuza mafuta ya mawese sokoni. Alikuwa anafundisha kusoma kuliko mimi, hilo nalisema bila haya. Watoto wake wa mwaka wa pili walipewa mtu mwingine.

Hapa kwetu Maniema, nguo ya kazini haijawahi kuwa jambo dogo. Zamani za Tippu Tip, Kasongo ilipokuwa mji mkubwa wa biashara ya pembe na ya watu, kanzu na kofia vilionyesha nani ni mngwana na nani si kitu. Mwaka 1893 jeshi la Dhanis likaingia Kasongo, mambo yakageuka. Shule zikawa mikononi mwa misioni, na wazazi wengi Waislamu wakaogopa kupeleka watoto, kwa sababu waliona shule na ubatizo ni mlango mmoja. Ndiyo maana bibi wengi wa familia zile hawakujua kusoma. Tena wakati wa Mobutu ikaja otantisite: mwaume asivae tai, mwanamke asivae suruali wala wigi, na majina ya Kikristo yakafutwa mwaka 1972. Tai zikaruhusiwa tena baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990. Mama yangu anakumbuka vizuri, anasema kila mkubwa anayekuja anaanza na nguo zetu.

Shule zetu nazo zina kichwa mara mbili. Tangu mapatano ya mwaka 1977, Serikali inalipa walimu na kutoa programu, na kanisa linaongoza shule zake: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangisti. Waislamu nao wakapata zao baadaye. Kwa hiyo mwalimu analipwa na Serikali ambayo Katiba ya 2006, kipengele cha 1, inasema haina dini, lakini anaamriwa na mkubwa mwenye dini. Shida ya binti wa mama huyu inazaliwa pale katikati.

Sheria inasema nini? Katiba, kipengele cha 22, inampa kila mtu haki ya kuonyesha dini yake, hadharani na faraghani, mradi aheshimu sheria, utulivu, adabu na haki za wengine. Kipengele cha 36 kinasema mtu asiumizwe katika kazi yake kwa ajili ya imani yake. Na kwa wale wanaofanya kazi kwa mtu binafsi, dukani, farmasi au kwenye shirika, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kipengele cha 62, inasema dini si sababu halali ya kumfukuza mtu. Maneno haya ni mazuri. Lakini hakuna neno “kitambaa” ndani yake, na hapo ndipo mabishano yanaanzia.

Mimi nafikiri swali la kumuuliza mkubwa ni moja: kwa sababu gani? Kuna sababu za kweli. Anayefanya kazi kwenye mashini ya kusaga unga anajua mkanda ule haujui dini. Ukikamata ncha ya kitambaa, unavuta na kichwa. Muuguzi wa materniti hawezi kumpokea mtoto na mikono mirefu inayogusa damu. Kule Salamabila, kwenye mgodi, kofia ngumu ni lazima. Hata hivyo, kila mahali pale kuna njia: kitambaa kifupi kilichobanwa chini ya kofia, ncha zote zimeingizwa ndani, kisicho na pini, kinachofuliwa kila siku. Sababu ya kweli inakubali kuzungumzwa. Mkubwa anayesema tu “sipendi” hana la kuzungumza.

Wazungu nao wamepelekana mahakamani kwa jambo hili. Kule Uingereza mama mmoja, Nadia Eweida, alikuwa mfanyakazi wa British Airways, akarudishwa nyumbani mwaka 2006 juu ya msalaba mdogo shingoni. Muuguzi mmoja, Shirley Chaplin, naye alikatazwa msalaba wake wodini. Kesi zote mbili zilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na hukumu ilitoka siku moja, tarehe 15 Januari 2013. Eweida alishinda, kwa sababu kampuni ilitaka kulinda sura yake tu. Chaplin alishindwa, kwa sababu hospitali ilisema mgonjwa anaweza kuvuta mnyororo ule, au ukagusa kidonda. Msalaba ni ule ule, lakini sababu hazikuwa sawa. Nawaambia hili makusudi, maana wengine kwetu wanadhani ni shida ya Waislamu peke yao.

Na Ubelgiji, walikotoka wale waliotuandikia sheria za kwanza, kuna kesi ya Samira Achbita. Aliajiriwa mwaka 2003 kupokea wageni, bila kitambaa. Mwaka 2006 akasema sasa atakivaa. Kampuni ikasema kwetu hakuna alama ya dini, ni desturi yetu. Akafukuzwa tarehe 12 Juni. Sheria iliyoandikwa ilianza kazi tarehe 13 Juni, kesho yake! Hata hivyo, mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kampuni inaweza kukataza alama za dini, kama inakataza za dini zote na watu wote, lakini iangaliwe kama hakukuwa na nafasi nyingine ya kumpa, mbali na wageni. Mimi hukumu hii hainipendezi sana. Lakini tarehe zile mbili nimezishika kichwani.

Kwa hiyo, mama, mwambie binti yako asikatae kazi leo, wala asivue leo. Aende na baba yake au shangazi, kwa heshima, aombe aonyeshwe sheria ya shule iliyoandikwa. Kama ipo, aisome: inasema kitambaa cha Waislamu, au kila kifuniko cha kichwa? Kama walimu wengine wanaingia na vilemba vya kitenge na masista na vitambaa vyao, aulize kwa upole kwa nini chake tu ndicho kinachokatazwa. Halafu atoe njia: kitambaa cha rangi ya uniforme ya shule, uso wazi ili watoto waone mdomo unavyotamka herufi. Hilo la mwisho mimi kama mwalimu ningelidai kwa yeyote. Na haya yote yasemwe kabla ya kuweka sahihi, maana baada ya sahihi atakuwa kama mimi, bila mdomo.

Wakikataa kabisa, mlete jambo kwenye komite ya wazazi. Ninyi wamama mnakaa kwenye COPA, mnachanga, mna haki ya kuuliza kwa nini mwalimu mwenye diplome anarudishwa mlangoni. Wa Kasongo na wa Kabambare, Wakristo mtangulie kuuliza kwenye shule ya kanisa, na Waislamu mtangulie kwenye shule ya Waislamu. Direkta atasikia tofauti. Mahakama iwe ya mwisho. Kule Isiolo, Kenya, ugomvi wa hijabu ya wanafunzi katika shule ya Wamethodisti ulifika mahakamani mwaka 2014: kanisa likashinda 2015, wasichana wakashinda 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikafuta hukumu ile kwa sababu ya namna dai lilivyoletwa. Sekondari yao wakati ule ilikuwa miaka 4. Aliyeanza mwaka ule alikuwa ameshamaliza.

Sasa la kwetu wenyewe, ambalo limeniuma kuliko yote nikiandika. Mwaka jana kwa défilé ya 8 Machi tulichagua kitenge kimoja na mshono mmoja, mikono mifupi, tukasema asiyeshona hivyo asiandamane. Wamama Waislamu wa kikundi chetu walisimama kando ya barabara, wakatupigia makofi. Mmoja wao alikuwa amelipa kitenge chake kwa franka za akiba ya miezi 3. Hakuna aliyewauliza, na mimi nilikuwa kwenye komite iliyochagua mshono ule.

Mkutano wa kitenge cha mwaka huu ni siku ya posho ijayo, saa tisa, chini ya mwembe. Fundi bado hajakata nguo hata moja. Nitaomba mikono miwili: mifupi kwa anayetaka, mirefu kwa anayetaka, kitambaa kilekile, bei ileile.