Tumgeuze mgonjwa kabla kidonda hakijaanza



Juma hili tuongee juu ya vidonda vya kitandani, ambavyo pa hospitali vinaitwa eskari. Vinampata mtu aliyelala mahali pamoja muda mrefu: aliyepooza, aliyevunjika paja, aliyepoteza fahamu. Kidonda kama hicho kikionekana, maneno huanza kwenye kartiye: mkwe amemwacha mzee aoze, au kuna mtu amemroga. Tuache maneno hayo, tujue sababu.

Nyama ikibanwa kati ya mfupa na kitanda, damu haipiti. Nyama isiyopata damu inaweza kuanza kufa kwa saa chache tu. Mara nyingi huanza kuharibika ndani, karibu na mfupa, na ngozi inapasuka baadaye. Mahali pa kuangalia ni juu ya matako, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo.

Mgonjwa wa reanimasio yuko katika hatari kubwa zaidi, maana hajigeuzi wala hasemi kwamba anaumwa. Kuna kipimo cha Braden, kilichotungwa Marekani miaka ya 1980, kinachomsaidia muuguzi kuangalia mambo sita: kama mgonjwa anasikia maumivu, kama ngozi imelowa, kama anatoka kitandani, kama anajigeuza, anakula namna gani, na kama shuka inamsugua.

Lakini uchunguzi wa mwaka 2014 juu ya wauguzi 56 wa hospitali moja ya kufundishia nchini Uganda ulionyesha kwamba ujuzi wao ulikuwa na mapengo, na pia wauguzi na vifaa havikutosha. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi usiku hawezi kuwageuza wote. Na kwetu, anayelinda mgonjwa ni mama, dada au binti. Kwa hiyo ujuzi huu unatuhusu na sisi.

Tufanye hivi nyumbani. Hospitalini tumwulize muuguzi kwanza:

1. Tumgeuze kila saa mbili: kuume, mgongo, kushoto. Tumwinue watu wawili, tusimburute. Tuweke kikwembe kilichokunjwa katikati ya magoti, na kingine chini ya miguu ili visigino visiguse kitanda.

2. Tuangalie ngozi asubuhi na jioni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, basi tuguse kwa mkono. Mahali penye joto, pagumu, panapouma au palipozidi weusi, tusimlalishe hapo tena, na tuite muuguzi.

3. Tusipakande wala kupasugua mahali hapo. Tusimkalishe juu ya mpira wenye tundu katikati, maana unabana damu pembeni.

4. Akijikojolea, tumwoshe na kumkausha mara moja.

5. Bukari peke yake haitoshi. Tuongeze maharagi, mayai au samaki, na maji.

Kidonda kikiisha kufunguka, tusitie majivu wala dawa ya meno. Kikinuka, kikiwa cheusi, au mgonjwa akipata homa, twende kituo cha afya siku ile ile.

Kumgeuza mtu mzima usiku na mchana si kazi ya mwanamke mmoja. Katika mkutano ujao, kila kikundi kiulize: nani kati yetu ana mgonjwa aliyelala? Kisha tupange zamu za kumsaidia.