Damu ya teja si cheti cha tabia

Tuwekane sawa kuhusu makala ya damu ya mateja kabla watu hapa Kwala hawajaanza kudai vijana wapimwe damu ndipo wapewe vibarua bandari kavu.

Ni kweli limfosaiti, zile seli nyeupe za damu, zina vipokezi vya dopamini kama zilivyo seli za ubongo. Utafiti wa Austria wa mwaka 2004 ulikuta jeni ya kipokezi cha D4 imepoa kwenye limfosaiti za waliokuwa walevi na watumia heroini, ingawa walishaacha zamani. Lakini huo ni wastani wa kundi. Haumtambui mtu mmoja mmoja, wala hausemi kilichotangulia ni unga au huko kupoa kwa jeni.

Faida ya utafiti huo ni kuwanyamazisha wanaosema "kajitakia". Arosto inaisha, mwili bado unadai. Ndiyo maana methadoni, dawa ya waraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hunywewa kila siku kwa muda mrefu. Nimemsindikiza mdogo wangu: nesi anampimia dawa kwenye kikombe, anainywa palepale, anashushia maji, kisha anasemeshwa ili ijulikane amemeza kweli.

Tangu bandari izinduliwe Julai 2025, malori yameongezeka na vijana wa vibarua pia. Kwa walio mateja kati yao, tupiganie dawa iwe karibu, maana nauli ya kila siku peke yake inatosha kumrudisha mtu kijiweni. Hicho kipimo cha damu waachiwe watafiti.