Uzito nao una zamu yake

Juma hili tunaanza kwa kuungama kosa letu.

Mnajua kwamba kila siku ya posho tunakutana kwa mazoezi ya nguvu. Vyuma hatuna. Tuna bidoni, maji na benchi, na hivyo vinatosha. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na kitu. Mizani ya nini?

Kosa letu ni hili. Kila posho tulifanya zoezi moja tu: kuinua bidoni mbili kutoka chini mpaka kusimama wima, na kila mmoja alitaka kupita uzito wa posho iliyotangulia. Maji yalipoonekana mepesi, tukajaza mchanga. Mchanga ni mzito kuliko maji, kwa hiyo hatukujua tena tunainua kilo ngapi. Juma la tano mwenzetu mmoja, anayeuza makala na kubeba magunia siku zote, aliinua huku mgongo umepinda. Sisi tulikuwa tunapiga makofi. Alishusha bidoni, akakaa chini, na hakuweza kusimama mwenyewe.

Alilala nyumbani majuma matatu. Meza yake sokoni ilibaki tupu, na watoto walikula kwa majirani. Tulipomtembelea alituambia neno moja: «Likelemba tunapokea kwa zamu. Mbona uzito tunaubeba bila zamu?»

Neno hilo lilitufanya tutafute wale wanaoinua uzito kama kazi yao wanafanyaje. Kuna mchezo wa kuinua vyuma wenye mainuo matatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma juu, na kuinua chuma kutoka chini. Wanawake wana mashindano yao ya dunia katika mchezo huo tangu mwaka 1980.

Katika mji wa Columbus, Marekani, alikuwako mwalimu wa mchezo huu, Louie Simmons, aliyefariki mwaka 2022. Naye aliumia mgongo vibaya katika miaka ya 1970, akiwa bado kijana. Baadaye alisoma vitabu vya walimu wa Urusi ya Kisovieti na kubadili namna yake. Aliona kwamba mtu akiinua uzito wake wa mwisho kwa zoezi lile lile majuma mengi mfululizo, mwili unachoka na nguvu zinasimama, hata kurudi nyuma. Dawa yake haikuwa kuacha uzito. Alibadilisha zoezi zito karibu kila juma: leo kuchuchumaa mpaka kukaa juu ya sanduku, juma lijalo sanduku fupi zaidi, leo kuinua chuma kutoka chini, kesho kutwa ya zamu kukiinua kikiwa kimewekwa juu kidogo. Kila zoezi lina ukurasa wake katika daftari. Zamu yake ikirudi, unajaribu kupita namba ya zamani, hata kwa kilo moja. Na kati ya siku nzito ya miguu na mgongo na nyingine nzito kama hiyo, juma zima linapita. Katikati wanainua uzito mdogo kwa haraka.

Wamama, tusijidanganye: wale ni watu waliozoea miaka mingi. Sisi tunaoanza hatuna haja ya kufika uzito wa mwisho hata mara moja. Lakini zamu tunaweza kuichukua, na tumeipanga hivi, kila zoezi majuma matatu kabla ya kubadilisha:

Zamu ya kwanza: kuinua bidoni mbili zilizowekwa juu ya matofali, ili mgongo usiiname sana.

Zamu ya pili: kukumbatia bidoni moja kifuani, kukaa polepole kwenye benchi na kusimama tena.

Zamu ya tatu: kuinua bidoni mbili kutoka chini, kwa maji, si mchanga.

Mara tano kila awamu, awamu tatu, na kupumzika vizuri katikati. Ukiona ungeweza kuongeza mara mbili hivi kabla ya kushindwa, uzito ni huo. Mgongo ukianza kupinda, umepita. Posho ijayo ongeza lita moja tu.

Kumbuka pia kwamba mwili hauna daftari mbili, moja ya mazoezi na nyingine ya kazi. Aliyebeba gunia siku ya tano tayari ameinua uzito wake. Siku ya posho anyooshe viungo, atembee, na arudi nyumbani bila haya.

Mama aliyejifungua karibuni aulize kwanza mkunga au muganga kwenye kituo cha afya. Na yeyote anayeona mkojo unamtoka akiinua, au kitu kinashuka chini, au maumivu yanateremka mguuni, aache palepale na aende apimwe. Mambo hayo tunayaficha kwa haya, na yanazidi kwa kufichwa.

Mwenzetu amerudi. Posho iliyopita aliinua bidoni moja yenye lita 10, juu ya matofali, mgongo umenyooka. Hatukupiga makofi mpaka alipoiweka chini. Kisha tuliandika 10 katika ukurasa wake, na yeye mwenyewe akafunga daftari, akasema inatosha kwa leo.

Siku ya posho njooni na bidoni zenu. Mchanga uacheni kwa wajenzi.