Kadi ya bima ipo, ofisa ustawi wa jamii hayumo

KADI ya bima ya afya humpa mkazi wa Kata ya Shanwe, katika Manispaa ya Mpanda, mambo mengi: kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, hata upasuaji. Lakini mwenye kadi hiyo akihitaji kuketi na ofisa ustawi wa jamii kwa ajili ya ushauri nasaha, kadi haimsaidii kitu.

Orodha ya mafao ambayo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) umekuwa ukiitangaza kwa wanachama wake inataja hadi miwani na tiba ya mazoezi ya viungo. Ofisa ustawi wa jamii hatajwi. Huduma yake haina bei katika hesabu za bima, na hospitali haiwezi kudai malipo ya kitu kisichokuwa na bei.

Hali hiyo ina historia yake. Mwaka 1993 Serikali ilianza kwa awamu utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za umma. Wasio na uwezo waliahidiwa msamaha, na kazi ya kumpambanua asiye na uwezo na anayejifanya hana uwezo akaangukia ofisa ustawi wa jamii. Tangu hapo, machoni pa wagonjwa wengi, huyu si mshauri. Ni mtu wa msamaha.

NHIF ulipoanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, ambao hukatwa asilimia tatu ya mshahara na mwajiri kuongeza tatu nyingine, haukuwa na sababu ya kumfikiria. Mwanachama wake hahitaji msamaha. Ankara yake hulipwa. Ndipo likazaliwa jambo la ajabu kidogo: anayefikishwa mbele ya mtaalamu huyo ni yule asiye na kadi, na mara nyingi hufika kueleza umaskini wake badala ya kueleza kinachomsumbua moyoni. Mwenye kadi hupita dirishani, huchukua dawa na kurudi nyumbani na tatizo lake.

Kwa Katavi, pengo hilo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kushuka hadi asilimia 34, bado juu ya wastani wa taifa wa 22.

Chukua msichana wa miaka 16 wa Shanwe, ambaye baba yake ni mwalimu mwenye kadi. Kliniki ya wajawazito ataipata. Lakini nani atazungumza na baba aliyetishia kumfukuza nyumbani? Nani atafuatana naye polisi kuchukua fomu namba 3, iwapo kuna kosa la jinai, na baadaye kuikumbusha shule kuwa tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi darasani? Hizo ni kazi za ofisa ustawi wa jamii, nazo huhitaji saa, si dakika tano kati ya fomu mbili za msamaha.

Anayeugua zaidi, rufaa yake ya mwisho ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Kwa treni, ni safari ya kupitia Kaliua na Tabora.

Nchini Marekani suala hili liliamuliwa kwa sheria. Medicare, bima ya umma ya wazee, huwalipa moja kwa moja wataalamu wa ustawi wa jamii wanaotoa tiba ya ushauri, kwa asilimia 75 ya kiwango cha mwanasaikolojia. Sharti ni shahada ya uzamili, miaka miwili ya kazi chini ya usimamizi, na leseni. Malipo ni pungufu, na wapo wanaokataa wagonjwa wa bima kwa sababu hiyo. Lakini bei ipo, na inaweza kubishaniwa.

Hapa nchini, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika na muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Taaluma ya ustawi wa jamii, pamoja na kuwa na chuo chake Dar es Salaam kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikwenda miaka mingi bila chombo cha namna hiyo. Bima hulipa anayetambulika. Januari 2022 masuala ya ustawi wa jamii yalihamishiwa wizara mpya ya maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalumu, huku hospitali zikibaki upande wa afya. Ofisa wa hospitalini akawa kama mtoto wa nyumba mbili, na wa nyumba mbili huweza kulala na njaa.

Hata hospitali binafsi ziliposusia kadi za NHIF Machi 2024, kilichogombewa kilikuwa bei za dawa na huduma za daktari.

Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ambayo imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kadri maskini watakavyopata kadi, ndivyo foleni ya msamaha itakavyopungua, na ofisa ustawi wa jamii atapata muda wa kazi aliyosomea. Inabaki wanaopanga mafao kuamua kama saa hiyo moja ya mazungumzo itaandikiwa bei, au hospitali, ikiona haiingizi kitu, itamhamishia ofisa huyo kazi nyingine.

Wakati hilo likisubiriwa, mkazi wa Shanwe mwenye shida ya namna hii aulizie ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali ya umma, au ile ya halmashauri ya manispaa. Huko haulizwi kadi.