Kinshasa masaa mbili, Yangambi siku nzima

Uliza mutu wa Kisangani kama Kinshasa ni mbali, atakujibu kwa masaa, hapana kwa kilometa. Kwa ndeke ni karibu masaa mbili, basi. Kwa mustari wa moja kwa moja ni kilometa kama 1.200, kwa mto ni 1.734, na boti inaweza kumaliza majuma ku njia. Tena saa yenyewe inatudanganya, sababu Kisangani iko saa moja mbele ya Kinshasa. Unaruka Bangboka 10h00, unashuka N'djili 11h00 ya kule. Siku ya kurudi unaondoka 10h00, unafika 13h00. Kuko wenye kusema ndeke ya kurudi inakawiaka, kumbe ni saa ya mukono tu.

Hizo masaa mbili tunazisifu sana. Lakini mimi naona tunapima umbali vibaya. Chukua Yangambi, ku territoire ya Isangi: ni kilometa karibu 100 tu kutoka Kisangani, ukifuata mto kwenda chini. Kwa moto, kama jua linawaka, utafika siku ile ile. Mvua ikinyesha, ao bac ya mto Lindi ikikosa mazutu, utalala njiani. Wenye mizigo wanapanda baleinière. Kupandisha maji na makemba, makala na mabidon ya mafuta ya ngazi, siku inaisha na usiku unakukuta katikati ya mto, pashipo taa, pashipo gilet.

Hapo mafuta ya ngazi, acha niseme kidogo. INEAC, ambayo leo tunaita INERA, ilianzishwa mwaka 1933, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa. Ni kule, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba ukichanganya ngazi ya dura na ya pisifera unapata tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi. Leo mashamba makubwa ya Malaysia yamejaa tenera. Kutoka Yangambi mpaka Kuala Lumpur ni zaidi ya kilometa 8.500. Ile elimu ilifika kule zamani. Na mama wa Yangambi mwenye mabidon yake tano angali anahesabu kama soko la Kisangani litamurudishia hata pesa ya baleinière.

Wengine watanijibu: ndeke inaokoa wagonjwa. Ni kweli, sikatae. Lakini mama mwenye kushindwa kuzaa usiku kule Yangambi hatafute ndeke ya Kinshasa. Anatafuta namna ya kufika hospitali ya Kisangani mbele kuche. Kwake yeye, zile kilometa 100 ni ndefu kupita zile 1.200.

Kwa hiyo, wakubwa wetu wa jimbo la Tshopo, mbele ya kutuhesabia ndeke ngapi zinatua kwa juma, mutupe vitu mbili. Bac ya Lindi isikose mazutu hata siku moja. Na boti ya abiria, yenye gilets za kutosha, iondoke Yangambi asubui sana, ifike Kisangani jua lingali juu. Saa yake iandikwe ku beach, pahali kila mutu anaona, sawa vile wanaandika saa ya ndeke ku Bangboka.